Voi hadi Taveta: Njia ya Misafara na Vita

Wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa na Nairobi huiona Voi kwa dakika chache tu: vituo vya mafuta, malori yaliyoegeshwa, chai ya haraka, kisha safari inaendelea. Mwenye hamu ya kuijua Kenya ya zamani ashuke hapo, ashike barabara ya magharibi kwenda Taveta. Ni kilomita kama 110 hadi mpaka wa Tanzania.

Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa ilipita pande hizi ikitafuta pembe za ndovu miaka mingi kabla ya reli. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliivuka nchi ya Wataita, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wapo wasomi wa Uingereza waliokataa katakata kumwamini.

Mwatate ni mji wa mkonge. Kutoka hapo njia nyingine hupanda kulia kwenda Wundanyi, penye ukungu, mboga na mashamba ya matuta, chini ya kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Kupanda huko kunastahili siku nzima. Barabara ya Taveta yenyewe hubaki bondeni, ikaingia nyika ya Tsavo Magharibi ambako ndovu huvuka lami wapendapo.

Nyika hiyo ndiyo iliyokuwa uwanja wa vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kutoka huko wakawa wanaivizia reli ya Uganda. Waingereza wakajibu kwa kujenga reli yao kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau na Mbuyuni. Nchi ni kame, hivyo maji yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Karibu na Maktau, Septemba 1915, aliuawa Luteni Wilbur Dartnell wa Australia, aliyekataa kuwaacha majeruhi wake. Alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Victoria, na kaburi lake liko Voi.

Mbele zaidi kuna Salaita, kilima kidogo ambacho dereva mwenye haraka hawezi kukitambua. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kwa kujiamini mno, wakatimuliwa na askari weusi wa jeshi la Wajerumani, na mafungo yao yakalindwa na Wabaluchi kutoka India. Mwezi uliofuata, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata, njia ya Moshi ikafunguka.

Makaburi ya wanajeshi wa Kizungu yapo Voi na Taveta, yana majina na yametunzwa vizuri. Wapagazi Waafrika, waliobeba risasi na chakula wakafa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu katika vita hivyo, wengi wao hawana hata jiwe. Hilo ni deni lisilolipwa.

Taveta huchangamka siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ndizi na nafaka zikitoka pande zote mbili za mpaka. Karibu nayo kuna ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkano, na ziwa Jipe. Yote mawili yamegawanywa na mpaka.

Anayetoka Moshi kwenda Mombasa aipite njia hii mchana, asimame Salaita, na kwa sababu ya ndovu asiendeshe usiku.