Nani Hajahesabiwa? Jinsi Kiwango cha Chanjo Kinavyopimwa Katika Visiwa vya Bunyala

Kaunti ya Busia ina kaunti ndogo saba na, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, wakaazi 893,681. Wengi wao hufika kituo cha afya kwa miguu au kwa bodaboda. Katika visiwa vya Bunyala Kusini, vikiwemo Maduwa na Khumabwa, safari hiyo huanza kwa mtumbwi kupitia mafunjo ya Kinamasi cha Yala. Mvua ikizidi na Mto Nzoia ukivunja kingo zake, hata njia ya mtumbwi hubadilika.

Wahudumu wa afya wanapopanga kupeleka chanjo huko, swali la kwanza ni hili: ni watoto wangapi wanaoishi kisiwani, na wangapi kati yao wamekwisha kuchanjwa? Jibu likikosewa, chanjo zinazopakiwa kwenye boti hazitatosha, na mtoto ambaye hayumo kwenye hesabu hatatafutwa na mtu.

Hesabu ya kawaida

Kila mtoto anapochanjwa, jina lake huandikwa katika rejista ya kituo, fomu MOH 510. Mwisho wa mwezi, jumla ya dozi hujazwa katika fomu MOH 710 na kuingizwa kwenye mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Idadi ya waliochanjwa hugawanywa kwa idadi ya watoto wanaotarajiwa katika eneo hilo, kisha huzidishwa kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia inayosomwa katika ripoti.

Njia hii ni ya haraka na haina gharama kubwa, lakini kasoro yake iko katika idadi ya watoto wanaotarajiwa. Idadi hiyo hukadiriwa kutokana na sensa, ilhali watu wa ziwani huhama. Wavuvi hufuata samaki kutoka ufuo hadi ufuo, wengine hadi kisiwa cha Sigulu upande wa Uganda, na familia huenda nao. Hali kama hiyo iko pia katika miji ya Busia na Malaba, ambako mama anaweza kuishi upande mmoja wa mpaka na kumpeleka mtoto kliniki upande wa pili.

Mfano wa kisiwa kimoja

Chukulia kisiwa kinachokadiriwa kuwa na watoto 50 wa chini ya mwaka mmoja. Rejista inaonyesha kwamba watoto 55 wamepata dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti, inayokinga donda koo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na ugonjwa wa Hib. Ripoti itasema asilimia 110, na msomaji atadhani kazi imekwisha.

Lakini rejista ikichunguzwa, watoto 15 kati ya hao walitoka kwingine. Wenyeji ni 40, yaani asilimia 80 ya wale 50. Kisha nyumba zote zikitembelewa, inapatikana kwamba watoto wanaoishi kisiwani si 50 bali ni 64, kwa sababu kambi ya wavuvi imepanuka. Kiwango halisi ni asilimia 62.5. Watoto 24 hawajamaliza chanjo, ingawa ripoti ilivuka mia.

Watoto hao 24 nao si wa aina moja. Tuseme wenyeji 52 walipata dozi ya kwanza. Basi 12 walianza wakaachia njiani, na 12 wengine hawajawahi kuchanjwa hata mara moja. Walioacha njiani ni asilimia 23 ya walioanza, na kiwango kikizidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo. Mama wa kundi la kwanza anaijua kliniki, hivyo huenda anahitaji kukumbushwa tarehe au kuhakikishiwa kwamba akifika atahudumiwa. Kundi la pili lazima lifuatwe nyumbani.

Kwa nini kubisha hodi

Ndiyo maana hufanywa uchunguzi wa kaya. Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 80 ya watoto wa Kenya wenye umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Uchunguzi huo huchagua maeneo machache kuwakilisha kaunti nzima. Kisiwa chenye kaya chache kinaweza kukosa kuchaguliwa kabisa, na wastani mzuri wa kaunti ukaficha pengo lake.

Kwa visiwa vidogo, njia inayofaa zaidi ni kuhesabu kila nyumba. Wahudumu wa afya ya jamii wanawajua majirani zao, na viongozi wa BMU wanazijua boti na mabaharia wake. Wakati pia una maana. Omena huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'aa wavuvi wengi hupumzika nyumbani. Anayehesabu watu siku hizo huwakuta wengi zaidi.

Katika kila nyumba, ushahidi wa kwanza ni kijitabu cha mama na mtoto. Kisipokuwepo, kumbukumbu ya mzazi huulizwa na rejista ya kituo kutazamwa. Kovu la BCG mkononi husaidia pia, lakini halisemi lolote kuhusu chanjo nyingine. Mafuriko yanapobeba vijitabu, mtoto aliyechanjwa huonekana kama ambaye hakuchanjwa.

Dozi za baadaye na watu wazima

Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na tena katika miezi 18. Surua huenea upesi mno, kiasi kwamba takriban asilimia 95 ya watu wanapaswa kuwa na kinga ili isienee. Busia pia ni miongoni mwa kaunti nane ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa mwaka 2019, kwa ratiba ya miezi 6, 7, 9 na 24. Muda kati ya dozi ya tatu na ya nne ni mrefu, na familia ya mvuvi inaweza kuwa imehamia ufuo mwingine.

Kwa watu wazima kazi ni ngumu zaidi, kwani wachache wana kadi. Mama mjamzito huulizwa kuhusu dozi za pepopunda, zikiwemo za mimba zilizotangulia, kwa kuwa kinga hiyo humlinda pia mtoto mchanga. Wanaume ndio huhesabiwa pungufu, maana mhudumu akifika mchana wengine wamelala baada ya kazi ya usiku na wengine wako ziwani. Kwa hiyo ni vyema kuwakuta ufuoni boti zinapotia nanga.

Wakaazi wafanye nini

Kila mzazi ahifadhi kijitabu ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pa juu, na akichukue anapohama au kuvuka mpaka. Kikipotea, arudi kituo alikochanjia mtoto ili rekodi itafutwe. Mhudumu anapobisha hodi, atajiwe kila mtoto anayelala katika nyumba hiyo, akiwemo mgeni na mtoto wa ndugu. Kutokuwa na kijitabu si kosa, na si sababu ya kumficha mtoto.

Chanjo za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Aliyekosa dozi aulize kituoni, kwa kuwa dozi nyingi zinaweza kutolewa hata baada ya tarehe kupita, bila kuanza upya.