Jenereta ya nyumbani yaweza kumuua fundi aliye nguzoni

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

UMEME unapokatika jioni katika mitaa ya Mazwi, katikati ya Manispaa ya Sumbawanga, mngurumo wa jenereta husikika mara moja madukani na majumbani. Mazoea hayo yana historia. Kwa miaka mingi, mkoa wa Rukwa ukiwa nje ya Gridi ya Taifa, mji huu ulipata umeme kutoka Zambia kupitia njia inayotoka Mbala, ukisaidiwa na mitambo ya dizeli.

Hata hivyo, namna baadhi ya watu wanavyounganisha jenereta na nyaya za nyumba ni ya hatari. Njia inayotumika zaidi kwa kuwa ni rahisi ni waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja huchomekwa kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani. Taa huwaka, lakini umeme huo hauishii ndani ya nyumba.

Transfoma ya mtaani hupunguza umeme wa volti 11,000 au 33,000 hadi volti 230 zinazotumika nyumbani. Umeme ukiingia kwa upande wa pili, transfoma hiyo hiyo huupandisha tena hadi maelfu ya volti. Mara nyingi mzigo wa nyumba za jirani huizidi nguvu jenereta ikazima. Lakini waya ukiwa umekatika karibu na nyumba hiyo, hakuna cha kuizima, na fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini njia haina umeme anaweza kupoteza maisha.

Wapo wanaosema kwamba inatosha kuzima swichi kuu. Kinga hiyo hutegemea kumbukumbu ya mtu aliye gizani. Akisahau, na umeme wa TANESCO ukarejea jenereta ikiwa inanguruma, umeme wa pande mbili hugongana na jenereta huweza kuungua au kusababisha moto. Aidha, plagi iliyochomoka ukutani hubaki na umeme kwenye vyuma vyake vilivyo wazi, mahali ambapo mtoto anaweza kugusa.

Dawa ya kudumu ni swichi ya kubadilishia umeme, ambayo mafundi huiita chenjiova. Hufungwa baada ya mita, na huruhusu nyumba ipokee umeme kutoka upande mmoja tu: ama TANESCO, ama jenereta. Haiwezekani kuwasha pande zote mbili kwa pamoja, hata mtumiaji akisahau. Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi kama hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Fundi huyo pia ahakikishe kwamba jenereta ina waya wa ardhini.

Asiye na uwezo wa kufunga swichi hiyo asiguse nyaya za nyumba kabisa. Achomeke friji au taa moja kwa moja kwenye jenereta, kwa waya mnene wa kurefushia usio na michubuko.

Wakazi wa Ufipa wana jambo jingine la kuzingatia. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Jenereta iliyoandikwa wati 2,500 itatoa takriban wati 2,000, kiasi ambacho birika moja la umeme linaweza kukimaliza.

Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wafunge milango na madirisha, na hofu ya wezi huwashawishi kuiweka jenereta barazani au stoo. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua waliolala bila kuwaamsha. Jenereta ikae nje, mita kadhaa kutoka madirishani, ifungwe kwa mnyororo ikibidi, na izimwe kabla ya kulala. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.