Usinunue Jina, Nunua Uzi: Kweli na Uongo Kuhusu Mashuka

Muuza mashuka hodari ana maneno mengi kuliko bidhaa. Shuka lile lile asubuhi ni "pamba tupu", mchana ni "sateni ya Misri", na jioni, mteja akianza kuondoka, linageuka "mwanzi halisi huo, dada, haushiki joto". Mteja analipapasa, linateleza, linang'aa, analipa. Usiku wa Februari mjini Tanga, feni inazunguka na mgongo umelowa. Tuyapime madai saba yanayosikika sana madukani na majumbani.

1. "Shuka likirudi baada ya kufuliwa, si pamba halisi."
SI KWELI. Mara nyingi ni kinyume chake. Kiwandani uzi wa pamba huvutwa wakati wa kufumwa. Ukilowa hulegea na kujikunja, hasa kwenye maji ya moto. Poliesta ndiyo isiyorudi kirahisi. Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, basi, usinunue shuka la pamba linalotosha kwa taabu. Acha ziada ya kuchomeka chini ya godoro.

2. "Nyuzi 1,000 ni bora kuliko nyuzi 300."
SI KWELI. Namba hiyo ni hesabu ya nyuzi za mtande na za mshindio katika inchi moja ya mraba. Inchi ni ile ile, haipanuki. Ili kufikia 1,000, baadhi ya viwanda husokota nyuzi nyembamba mbili au zaidi kuwa uzi mmoja, kisha huhesabu kila kijiuzi peke yake. Namba inapanda, ubora haupandi. Tena kitambaa kilichobanana sana huwa kizito na hakipitishi hewa vizuri, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam halihitaji hata kidogo. Nyuzi 200 hadi 400 za pamba nzuri zinatosha. Lishike shuka mbele ya mwanga: ufumaji ukiwa sawasawa, bila matundu wala mafundo, hapo pana kazi ya maana.

3. "Likiandikwa 'pamba ya Misri', ubora umehakikishwa."
SI KWELI. Pamba bora ya Misri ina nyuzinyuzi ndefu, ndiyo maana huzaa uzi mwembamba, laini na imara. Lakini lebo ni karatasi tu. Mwaka 2016 kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani iliacha kufanya biashara na kiwanda cha Welspun cha India, baada ya kugundua kwamba mashuka na foronya zipatazo 750,000 zilizouzwa kwa jina la pamba ya Misri zilitengenezwa kwa pamba nyingine. Kama duka kubwa namna ile lilidanganyika, mnunuzi wa kando ya barabara afanye nini? Aamini vidole na macho yake kabla ya lebo.

4. "Sateni ni hariri ya bei nafuu."
SI KWELI. Sateni si uzi, ni namna ya kufuma: nyuzi za upande mmoja huruka juu ya nyuzi kadhaa za upande wa pili kabla ya kuzama, ndipo kitambaa kinateleza na kung'aa. Ipo sateni ya hariri, ya pamba na ya poliesta. Ile ya bei ya kutupa, karibu yote ni poliesta. Muulize muuzaji, "Sateni ya nini?"

5. "Shuka la mwanzi ni la asili, halina kemikali."
NUSU KWELI. Mwanzi ni mmea, lakini ulaini ule hautoki msituni. Kwa kawaida mmea huo huyeyushwa kwa magadi makali na kemikali nyingine hadi uwe uji, kisha uji huo huvutwa kuwa uzi uitwao viskosi. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaonya wauzaji 78 waliokuwa wakiuita uzi huo "mwanzi". Shuka lake ni laini na hufyonza jasho vizuri. Linunue kwa sababu hiyo, si kwa hadithi ya msitu.

6. "Mto wa sufi umejazwa manyoya ya kondoo."
SI KWELI. Hapa herufi moja imewapoteza wengi. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi hutoka kwenye maganda ya matunda ya msufi. Nyuzinyuzi zake zina uwazi ndani na nta nje, hivyo ni nyepesi na hazishiki maji. Ndizo zilizojazwa zamani katika jaketi za kuokolea watu baharini. Fua foronya, mto wenyewe anika na kuuchambua. Uweke mbali na mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma, kwa maana sufi hushika moto upesi mno.

7. "Poliesta haifai kabisa kitandani."
NUSU KWELI. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake; poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo sababu pwani jasho hubaki juu ya ngozi. Lakini kwenye baridi ya Njombe au Limuru, blanketi la poliesta ni jepesi, lina joto na hukauka haraka. Na chandarua chenye dawa kinachokulinda na malaria, aghalabu ni poliesta au poliethilini. Kumbuka tu: shuka anika juani, chandarua anika kivulini, kwani jua huharibu dawa yake.

Ukiwa na shaka, nunua shuka moja kwanza. Nyumbani chomoa nyuzi mbili tatu penye pindo, zishike kwa kibanio juu ya sahani, uziwashe. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Viskosi nayo huungua vivyo hivyo. Poliesta husinyaa, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Mchanganyiko huacha vyote viwili. Uzi ukishasema ukweli wake, ndipo urudi dukani kununua pea nzima.