LAMI, CHANGARAWE NA NJIA ZA VIBOKO

Mlezi wa chama aliponiita na kuniambia niandike kuhusu "yale mashindano yako ya baiskeli", nilidhani ananitania. Si mnakumbuka jinsi nilivyoingia paredi siku ya Jumatatu nikichechemea kama bata, nanyi mkaangua kicheko? Basi wale waliocheka sana ndio ninaowaandikia. Someni mpate kujua kilichonichechemeza.

Mbio zenyewe ni za njia mseto. Mseto mnaujua: mchele na pojo katika chungu kimoja. Na hapa ni vivyo hivyo. Kipande cha lami, kipande cha changarawe, kisha kijia chembamba ambacho watu wawili hawawezi kupita bega kwa bega. Zetu zilikuwa za kilomita 40 hivi. Tulianzia Karagita, tukafuata lami iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, tukaingia mbuga ya Hell's Gate mpaka karibu na korongo, tukageuka, na mwishoni tukapita katika vijia vya kando ya ziwa ambavyo usiku ni vya viboko na mchana ni vya ng'ombe.

Msidhani ni jambo la jana. Mbio za Paris–Roubaix kule Ufaransa zilianza mwaka wa 1896, na hadi leo vijana wa watu hutikiswa meno na barabara za mawe. Kule Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, mbio za changarawe zilianza mwaka wa 2006. Ubingwa wa dunia wa changarawe ulishindaniwa mara ya kwanza nchini Italia mwaka wa 2022. Nasi Wakenya hatukulala: mwaka wa 2021 waendeshaji walishindana kwa siku nne huko Maasai Mara. Isitoshe, Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah wa Kikuyu, huko huko kwenye vijia vyekundu vya vilima.

Sasa turudi kwangu. Sina baiskeli. Baba ndiye mwenye baiskeli, ile nzito nyeusi tunayoiita Black Mamba, na kila alfajiri huipakia kreti ya samaki kutoka ufuoni akauze mitaani. Karo yangu hutoka katika kreti hiyo. Nilipomwambia kwamba mashindano yana kundi la baiskeli za kawaida, na kwamba mshindi atapewa tairi mbili mpya pamoja na pesa kidogo, alinyamaza kwa muda mrefu.

"Jumamosi ndiyo siku ya wateja," akasema.

"Najua, Baba."

"Na ikivunjika?"

Sikuwa na jibu. Mama naye alikuwa na lake. Alikumbuka habari za Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, Mkenya mwenzetu aliyefariki Agosti 2022 katika mbio za aina hii huko Vermont, Marekani. "Bila kofia ngumu huendi popote," akasema, na hapo hakukuwa na mjadala. Niliazima moja kwa jirani. Ilikuwa kubwa, ikicheza kichwani kama sufuria juu ya jiko bovu, mpaka fundi akanionyesha kamba za nyuma za kukaza. Kofia inapaswa kukaa vidole viwili juu ya nyusi, na ukitikisa kichwa isisogee. Ikisogea, siku ya kuanguka itakuwa imekwenda upande mwingine na wewe upande mwingine. Baba alikubali Alhamisi usiku, bila kusema amekubali. Alisema tu, "Kesho umpelekee fundi aitazame."

Fundi wetu ni mzee wa maneno machache. Alivua keria, madigadi na stendi. Tuliipima kwa mizani ya samaki: kabla, kilo 22, baada, kilo 18. Akatia grisi kwenye gololi, akakaza cheni, kisha akapiga spoku moja moja kwa spana, akisikiliza mlio. Spoku iliyolegea hulia kama bati. Iliyokazwa hulia kama uzi wa gitaa. Nami nilihesabu meno ya magurudumu ya cheni, maana hesabu ndilo somo ninalolipenda baada ya Kiswahili. Mbele 44, nyuma 18. Yaani ukizungusha pedali mara moja, tairi huzunguka karibu mara mbili na nusu, na kwa tairi ya inchi 28 unakwenda mita 5.4 hivi. Baiskeli ya milimani yenye gia, ikiwekwa kwenye meno 22 mbele na 32 nyuma, huenda mita 1.4 tu kwa mzunguko mmoja. Mwenye gia hupanda kilima kwa hatua fupi fupi kama mama aliyebeba mtungi. Mimi na Black Mamba yangu tungepanda kwa hatua za twiga, tupende tusipende.

Kisha fundi akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha mbio hizi: "Unataka upepo kiasi gani?"

Tairi ngumu ni tamu kwenye lami. Haibonyei, kwa hivyo nguvu zako haziliwi bure. Lakini kwenye changarawe tairi hiyo hiyo hurukaruka juu ya kila jiwe, na kila mruko ni mwendo uliopotea, tena pigo kwa spoku, kwa rimu na kwa makalio. Tairi laini hulikumbatia jiwe na kushika udongo. Ila ikilegea kupita kiasi, jiwe huibana mpaka kwenye rimu na kuipasua tyubu kwa mikato miwili kama meno ya nyoka. Waendeshaji wa kimataifa hutumia tairi nyembamba zilizojazwa sana kwa lami, na pana zenye upepo mchache kwa vijia. Katika njia mseto unachagua tairi moja tu. Chochote unachochagua kitakusaliti mahali. Fundi alinishauri nipunguze kidogo, mpaka kidole gumba kiweze kubonyeza. Niliitikia "ndiyo mzee", halafu asubuhi yake nikaongeza pampu kumi na tano, kwa sababu mwanzo ulikuwa wa lami na mimi nilitaka kuonekana nikiwa mbele. Ujana nao ni ugonjwa.

Kwenye lami adui ni upepo wa mbele. Ukiwa peke yako unaupasua kwa kifua chako. Ukiwa nyuma ya mwenzako, karibu kama mita moja hivi, unaokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu zako. Ndiyo maana waendeshaji hufuatana kama siafu na kupokezana zamu ya mbele. Nilijibandika nyuma ya kijana mmoja mrefu aliyevaa fulana ya manjano, nikastarehe. Baada ya kilomita nne akageuka akasema, "Dada, hii si matatu. Njoo mbele pia." Niliona haya, nikaenda. Ni adabu ya mchezo: anayekula kivuli cha wenzake bila kutoa zamu, siku akipata pancha hakuna anayemtazama. Macho nayo usiyatie kwenye tairi la mbele yako. Tazama juu ya bega la mwenzako, uone anachokiona kabla hajakikwepa.

Tulipoingia mbugani, askari wa wanyama wakitangulia kwa gari, mambo yalibadilika. Barabara ile ni changarawe na vumbi la majivu ya volkano. Upande mmoja limesimama lile jiwe refu, mnara wa Fischer, lililopewa jina la Mjerumani aliyepita pale mwaka wa 1883. Ngiri walitutazama mikia ikiwa juu. Sikuwa na nafasi ya kuwatazama sana, maana barabara ilikuwa imejikunja kama ubao wa kufulia, na tairi zangu ngumu zikaanza kazi. Trrrrrr! Mikono ikafa ganzi. Hapo yule wa fulana ya manjano, mwenye tairi pana, akanipita akipiga mluzi.

Kwenye changarawe ukiushika usukani kama unamkaba mwizi, unaanguka. Ushike kwa upole, uiache baiskeli icheze kidogo chini yako, viwiko vikiwa vimekunjwa. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti ili tairi la nyuma lishike. Fuata mkondo wa magari uliokwisha kugandamizwa. Katikati na pembeni ndiko changarawe huru hulala. Na breki! Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, lakini ukiibana ukiwa kwenye kona ya changarawe, tairi la mbele huteleza na unajikuta ukiibusu ardhi. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achilia, upite. Kwa Black Mamba mambo ni magumu zaidi, maana breki zake ni fito za chuma zinazovuta vipande vya raba dhidi ya rimu, na huchelewa kuitikia kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kwenye kona ya korongo ndipo niliposikia "tingi!" Spoku moja ya nyuma imekatika. Nikajisemea, moja si kitu. Kama kilomita mbili mbele, "tingi!" nyingine. Sasa rimu ikaanza kucheza, ikigusa breki kila mzunguko: chwi, chwi, chwi. Kilichonijia akilini si tairi mpya tena, ni kreti ya samaki. Spoku huvuta rimu pande zote mbili kwa usawa. Zikikatika za upande mmoja, zile za upande wa pili huishinda na gurudumu hupinda. Ukizidi kulikanyaga kwa nguvu, zilizobaki hubeba mzigo usio wao na kukatika moja baada ya nyingine. Nilisimama. Nikatoa upepo kidogo, nikakumbuka kidole gumba cha mzee. Ile spoku iliyokuwa ikining'inia niliifunga kwa jirani yake kwa uzi wa kiatu ili isiingie kwenye cheni. Watu sita wakanipita. Mmoja akaniambia pole, wengine hawakusema kitu.

Tulirudi lami, tukaiacha tena, tukaingia vijia vya ziwani chini ya migunga. Hapo ndipo nilipopata furaha yangu. Kijia hakina haja ya nguvu nyingi, kinataka macho. Baiskeli huenda unakotazama. Ukilikodolea jiwe macho ukiogopa kuligonga, utaligonga. Tazama nafasi iliyo pembeni ya jiwe, nayo baiskeli itapita hapo. Kwenye mteremko simama juu ya pedali zote mbili zikiwa sawa, magoti yakiwa yamelegea. Mzizi uvuke kwa kuukata wima, usiupande kwa ubavu, hasa ukiwa na maji. Ukitaka kupita mtu, mwite mapema, "Kulia!", naye asogee penye nafasi. Na mahali ambapo viboko wamechimba shimo la matope, shuka ukimbie na baiskeli mkononi. Kushuka si aibu. Kijana mmoja mwenye baiskeli ya bei mbaya alikataa kushuka, nikampita akiwa ameketi ndani ya tope kama kiboko mwenyewe. Pale nilipita watu wanne.

Halafu, pssssss. Mwiba wa mgunga.

Nilikuwa na tyubu ya pili, kazi ya dakika sita. Nilitoa ile mbovu, nikatia nzima, nikajaza upepo, nikaruka juu. Hata mita mia mbili sikufika. Pssssss tena! Mwiba ulikuwa bado umo ndani ya tairi. Hili sikufundishwa na kitabu: kabla ya kutia tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, mzunguko mzima, mpaka ukipate kilichotoboa. Nilikipata mara ya pili, kwa sababu kilinichoma kidole. Nikabandika kiraka. Solusheni hutaka kuachwa ikauke kidogo kabla ya kiraka, dakika kadhaa za kukaa tu bila kufanya lolote huku watu wakipita. Nilikaa. Nilihesabu waliopita mpaka kumi na mmoja, nikaacha kuhesabu.

Kilomita ya mwisho niliisukuma nusu na kuipanda nusu, ndipo nikaangukia goti langu mbele ya kibanda cha chapati, watu wakitazama. Nilimaliza wa tisa katika kundi la baiskeli za kawaida. Tulikuwa kumi na wanne. Tairi mpya zilichukuliwa na muuza maziwa mmoja, mtu mzima, ambaye sikumwona akiharakisha hata mara moja.

Baba alikuwa amesimama mwishoni. Hakuniuliza nimekuwa wa ngapi. Aliiinua baiskeli nyuma, akalizungusha gurudumu, akalisikiliza: chwi, chwi, chwi. Akauona ule uzi wa kiatu.

"Ni wewe uliyefunga hapa?"

"Ndiyo, Baba."

"Ungeiacha, ingekula spoku zote." Akaliangalia goti langu. "Twende kwa fundi kabla hajafunga."

Spoku mbili zilinigharimu pesa zote za matumizi ya muhula, na fundi hakutaka kusikia habari za deni. Rimu aliinyosha kadiri alivyoweza. Alfajiri ya Jumatatu, nikiwa bado kitandani, niliisikia baiskeli ikitoka uani na kreti yake kuelekea ufuoni. Ilikuwa inagusa kidogo bado, mara moja kwa kila mzunguko.