Ilunga: jina moja, watu wa asili mbalimbali

Kapolowe, kwenye reli ya kati ya Lubumbashi na Likasi, ukiita « Ilunga! » sokoni, huenda wakageuka watu zaidi ya mmoja. Lakini hiyo haimaanishi kama wao ni ndugu.

Kwetu Kongo, jina si lazima lishuke toka kwa baba kwenda kwa watoto wote. Mtoto anaweza kuitwa kwa jina la babu ao la rafiki wa familia. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja unakuta Ilunga, Ngoy na Kasongo, wote wa baba mmoja. Mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, majina ya wazee ndiyo yalibaki kwenye vitambulisho.

Jina hili lina mizizi katika ufalme wa Waluba. Masimulizi ya wazee yanamtaja Ilunga Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mbali, na mwana wake Kalala Ilunga, aliyemshinda Kongolo Mwamba.

Leo wenye jina hilo wako kila mahali. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alijulikana duniani tarehe 22 Juni 1974: Brazil walipopata mpira wa adhabu, yeye alitoka ukutani na kuupiga mbali mbele yao wapige. Sylvestre Ilunga Ilunkamba, aliyewahi kuongoza shirika la reli SNCC, aliteuliwa waziri mkuu mwaka 2019. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alishinda mkanda wa WBC wa ngumi huko Kinshasa Januari 2020.

Mwaka 2004, kampuni moja ya watafsiri huko London ilitangaza kwamba « ilunga » ni neno gumu kuliko yote kutafsiri: mtu anayesamehe mara ya kwanza, anayevumilia ya pili, lakini si ya tatu. Wasemaji wengi wa Kiluba walishangaa: kwao, Ilunga ni jina la mtu.

Waluba wa Katanga wanalibeba, wale wa Kasai pia. Mwaka 1992, Wakasai walipofukuzwa Likasi na maelfu kulala kwenye kituo wakingoja treni, jina hilo lilikuwa katika familia za pande zote mbili. Anayetaka kujua asili ya mtu kwa kusikia tu « Ilunga », atakosea.