Uvimbe wa Ngozi: Upi Ukatwe, Upi Uachwe

Mkulima wa korosho wa Mbesa, wilayani Tunduru katika Mkoa wa Ruvuma, hushinda juani. Mahali hapo pako karibu digrii 11 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo Februari na Oktoba. Mkulima huyo akiota kinundu na kwenda kukionyesha katika hospitali ya misheni ya hapo, au katika zahanati yo yote nchini, swali la kwanza la tabibu si namna ya kukikata. Swali ni: hiki ni kitu gani?

Ngozi hujifanya upya daima. Chembehai huzaliwa chini ya tabaka la juu, husukumwa nje, hufa na kupukutika baada ya mwezi mmoja hivi. Baina yake zimo chembehai zitengenezazo melanini, rangi inayozuia mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo huharibu chembe za urithi. Uharibifu ukilimbikizana, chembehai huweza kugawanyika pasipo kikomo, na huo ndio mwanzo wa saratani. Mtu mwenye ualbino, ambaye melanini yake ni haba, huikosa kinga hiyo tangu kuzaliwa.

Kwa mtu mweusi hatari aghalabu hutoka kwingine. Kwanza ni kovu la moto au kidonda cha miaka mingi kisichofunga, ambacho hatimaye huweza kugeuka saratani. Kidonda hicho huitwa kwa jina la tabibu Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika habari za vidonda vya makovu mwaka 1828. Pili ni weusi unaoenea katika unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa kuwa na saratani ya namna hii chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Kupima

Tabibu huuliza: kilianza lini, kinakua, kinatoka damu, kimebadilika rangi? Kisha hupapasa. Uvimbe laini unaoteleza chini ya kidole aghalabu ni wa mafuta, wala hauna haraka. Chunjua huletwa na virusi, na kwa watoto mara nyingi hutoweka zenyewe. Baka lililofifia huguswa kwa unyuzi wa pamba. Mgonjwa asipohisi, hushukiwa ukoma, ambao tiba yake ni vidonge wala si kisu.

Kukata

Uvimbe mdogo huondolewa mgonjwa akiwa macho. Dawa ya ganzi, kama lignokeni, huziba vijia vya ayoni za sodiamu katika neva, hivyo habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Mkato hufanywa kwa umbo la jani, urefu wake ukiwa kama mara tatu ya upana, kufuata mistari ya asili ya ngozi ili kingo zikutane bila kuvutana. Uvimbe unaotiliwa shaka hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima. Kifuani, mabegani na masikioni tabibu husita zaidi, maana hapo kovu huweza kuvimba kupita uvimbe wenyewe. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi. Za mguuni huweza kungoja hadi siku 14.

Kazi haikomi hapo. Kinyama kilichokatwa hutiwa katika fomalini ambayo ujazo wake ni kama mara kumi ya kinyama hicho, huandikwa jina la mgonjwa na mahali kilipotoka, na hupelekwa kwenye maabara iwezayo kukichunguza kwa hadubini, kama zile za Muhimbili au KCMC. Kikitupwa, ushahidi umepotea; na saratani ikirudi, hakuna ajuaye ilikuwa ya aina gani wala kama ilitolewa yote. Iliyokwisha kuenea haifai kukatwakatwa zahanatini, bali mgonjwa apelekwe hospitali kubwa.

Shuleni, mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu, na michezo yake isiwe ya saa za adhuhuri. Na mwanafunzi ye yote ambaye nyumbani kwao yupo mzee mwenye kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi amshauri aende kupimwa, hata kama hakimwumi: saratani ya ngozi mara nyingi huanza bila maumivu.