Swichi, Fyuzi na Kikata Betri: Istilahi za Winchi ya Gari

Neno swichi limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu, wala hatuna nia ya kuling'oa. Lakini katika karakana za magari zilizo pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Tandika na Mbagala wilayani Temeke hadi Mwananyamala na Tegeta wilayani Kinondoni, neno hilo hutumika kwa vifaa vitatu ambavyo kazi zake hazifanani. Panapotumiwa winchi ya gari, tofauti hiyo si ya kamusi tu. Yaweza kumgharimu mtu vidole vyake.

Kwa winchi hapa hatukusudii ile ya bandarini inyanyuayo makontena, bali chombo kifungwacho mbele ya gari au juu ya bredauni, chenye pipa lizungushwalo na mota ya umeme ili kukunja kamba ya chuma. Mabaharia wa pwani walikuwa na neno duara kwa mtambo wa kuvutia nanga. Ni neno zuri, ila siku hizi mwanafunzi akilisikia hufikiria somo la hisabati. Winchi na ibaki.

Mota hiyo hula umeme mwingi mno. Winchi ya volti 12 yenye uwezo wa kuvuta kiasi cha kilo 4,300 huweza kuchukua ampea 400 na zaidi ivutapo kwa nguvu zake zote. Hizo ni wati 4,800 hivi, karibu sawa na pasi tano za nyumbani zikitumika kwa pamoja. Mkondo wa namna hiyo haupitishwi katika swichi ndogo ya mkononi. Swichi ya mkononi huamrisha tu. Mkondo wenyewe hupita katika rilei, ambayo mafundi wengine huiita solenoidi, na ndani yake vipande vya metali hugusana na kuachana. Vipande hivyo vikiunguzwa na cheche huweza kugandana. Hapo mwendeshaji huachia kitufe, na winchi ikaendelea kuvuta.

Dereva atapiga kelele: "Zima swichi!" Utingo atakimbilia funguo na kuzima injini. Injini itanyamaza na winchi haitasimama, kwa kuwa nyaya zake aghalabu huungwa moja kwa moja kwenye betri, wala hazipiti katika swichi ya funguo. Utingo ametii amri barabara. Neno ndilo lililomtuma pasipo.

Kifaa kilichotakiwa ni cha tatu: kile kifungwacho katika waya wa moto, karibu na betri, mahali panapofikika upesi kwa mkono, ambacho kikizungushwa huitenga kabisa betri na winchi. Wapo wasemao kikata moto, kwani mafundi huuita umeme wa gari moto. Hatulipendi jina hilo, maana liko jirani mno na kizima moto. Kitenganishi ni sahihi, ila ni refu kwa mtu anayepiga kelele katika tope la masika. Twaona kikata betri latosha, kwa sababu limebeba amri yake ndani: "Kata betri!" Amri hiyo haiwezi kuchanganywa na "Zima gari!" wala "Achia kitufe!"

Fyuzi ni jambo jingine. Jina lenyewe halina mgogoro; mgogoro uko katika maelezo yake. Husemwa kwamba fyuzi hulinda winchi. Kwa hakika kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Waya ukichubuliwa na bampa na kugusa bodi, yaani ukipiga shoti, betri humwaga mkondo mkubwa mara moja, waya ukawa mwekundu na gari likashika moto. Ndiyo maana fyuzi hufungwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwani kipande cha waya kilicho kati ya viwili hivyo hakina mlinzi. Ukubwa wake huchaguliwa kwa kutazama unene wa waya pamoja na mahitaji ya mota, tena iwe ya aina iyeyukayo polepole, isije ikakatika gari likiwa katikati ya korongo. Kwa hofu hiyo hiyo baadhi ya watengenezaji hawaweki fyuzi katika waya mkuu. Basi hapo kikata betri hakina mbadala, na yafaa kikae kimekatwa wakati wote ambapo winchi haitumiki. Ama ile desturi ya kufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua, hiyo huondoa mlinzi na kuacha kibanda chake.

Kipo pia kifaa kijikatacho chenyewe mkondo uzidipo, kisha hurudishwa kwa mkono. Hiki tungekiita kikata mkondo. Kikata betri hungoja mkono wa mtu; kikata mkondo hakingoji.

Uliosalia bila jina la kuridhisha ni waya hasi. Wengine huuita athi, wengine waya wa bodi. Jina hili la pili lina hatari yake, kwani waya hasi wa winchi hupaswa kurudi betrini wenyewe, usitegemee bodi yenye kutu na rangi. Mafundi na walimu wa umeme wa magari walio na neno bora wanakaribishwa kutuletea.